Wasaili Walioniuliza Jina la Mama Yangu

Usiniamini kama hutaki, nimeshazoea. Lakini kwanza ujue kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimefundisha skuli moja kule Mwanakwerekwe miaka kumi na mmoja, nimepasua vyura mbele ya watoto wanaopiga kelele, na mwanafunzi akinijia na habari kwamba fulani kapagawa, nilikuwa nikimwambia ampeleke huyo fulani akapimwe malaria. Nilikuwa mtu wa kucheka. Basi aliyekuwa akicheka ndiye aliyefikwa. Nitakusimulia kama yalivyokuwa, siongezi wala sipunguzi, ila jina langu sitolitaja. Ukifika mwisho utajua kwa nini nalifanyia choyo.

Mji Mkongwe, nyuma ya maduka ya vinyago na vitambaa vya watalii, ipo nyumba moja ya zamani ya ghorofa tatu, mali ya taasisi ambayo nayo siitaji. Ghorofa ya juu walitengeza ukumbi wa mikutano ya video. Ngazi za kupandia ni zile zile za mawe zilizolika katikati, lakini ukifungua mlango unakuta zulia, kiyoyozi, meza ndefu yenye vipaza sauti, na ukutani TV kubwa yenye kamera juu yake, inayogeuka yenyewe kumtafuta anayesema. Wakubwa walikutana humo na wenzao wa Ulaya na Asia bila ya mtu kupanda ndege. Na jioni, wakubwa wakishaondoka, tuliingia sisi walimu kusoma shahada ya uzamili. Wahadhiri wetu walikuwa nchi ya mbali yenye theluji. Wao wanakaribia chakula cha mchana, sisi jua linatua.

Jambo moja nataka ulishike, litatufaa mbele. Sauti ilikuwa ikichelewa. Ukisema neno, unahesabu moja, mbili, ndipo uone uso wa mhadhiri unabadilika. Ukimfanyia mzaha, unakaa na mzaha wako mkononi mpaka umfikie. Miaka miwili tulisoma hivyo, mpaka nyumbani nikawa nikimuuliza mtu kitu, nanyamaza nikimngojea, naye anashangaa nna nini.

Mwangalizi wa ukumbi alikuwa Mzee Vuai, mtu wa Fumba, mkali kupita kiasi. Kikombe mezani hataki, viatu juu ya zulia hataki. Kila mkutano ukimalizika alikuwa akizima mashine, kisha anaifunika ile TV kwa pande la kanga kuukuu la mkewe. Tulimcheka, naye alikuwa akijibu neno moja tu, "Kioo hakilali wazi." Ile kanga ilikuwa na maandishi yake: Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili naisoma kila jioni nikiondoka, na halikunipitikia kuwa naambiwa mimi. Na eti mwalimu!

Sasa nikwambie habari za Kazija, maana bila ya yeye hakuna kisa.

Kazija ni ndugu yangu wa ziwa. Mama yake aliugua baada ya kumzaa, maziwa yakakatika, na mama yangu, aliyekuwa akininyonyesha mimi nikiwa na miezi mitano, akamchukua. Akatunyonyesha sote wawili, huyu huku na huyu huku. Kwa dini yetu huyo ni ndugu hasa, hata kaka yangu hamuoi. Kazija akimwita mama yangu Mama, na mimi akiniita dada kwa ile miezi mitano tu. Tulisoma skuli moja, tukaajiriwa mwaka mmoja, na uzamili tukaanza siku moja.

Kwa kuandika, Kazija alinipita, sina haja ya kumpunguzia. Akikaa na kalamu, au mbele ya kompyuta, hakuna wa kumgusa. Lakini mweke mbele ya kamera! Ile kamera ikimgeukia tu, ulimi unamganda. Jasho linamtoka na kiyoyozi kinavuma. Alikuwa akinigusa goti chini ya meza, nami nadakia, "Mwenzangu alitaka kusema hivi na hivi," nayasema vizuri, wahadhiri wanacheka, mambo yanakwisha. Tukagawana kazi bila ya kukubaliana. Mimi nikimsemea, yeye akiniandikia. Barua pepe zangu zote Kazija ndiye aliyekuwa akizifungua na kuzijibu, hata neno la siri alilichagua yeye. Mimi nikasema, nna shida gani, nna ndugu. Sikuwahi kumuuliza kama anapenda kusemewa.

Tulipokaribia kumaliza, kikaja chuo kimoja cha huko huko na nafasi moja ya uzamivu, ufadhili kamili wa miaka minne. Walichuja, tukabaki wawili, mimi na Kazija. Wengine wote wakasema ni ya kwangu hiyo, maana usaili ni kwa video na kwa video mimi ndiye bingwa. Nami niliitaka, wallahi, niliitaka mpaka nikawa silali. Mama yangu alilima mwani Jambiani maisha yake yote, na miaka ile mwani ulikuwa unageuka mweupe na kukatika vipande ndani ya maji ya moto. Anakwenda pwani na maji kupwa, anarudi na kamba tupu. Nilitaka kuusomea ugonjwa ule. Nilishamwambia, "Mama, nitakwenda, nitarudi na dawa yake," naye akaniombea dua mbele ya majirani. Sasa ushaelewa kilichokuwa rehani.

Jumatano Kazija alinikuta chumba cha walimu.

"Dada, wamebadilisha ratiba," akasema. "Wewe kesho Alkhamisi, saa kumi na mbili na nusu. Mie Ijumaa."

"Kesho? Mbona ghafla?"

"Ndivyo walivyoandika. Ukumbi nshakuwekea. Mzee Vuai anaumwa, yuko kwao Fumba, ufunguo kanipa mie. Na dada, lolote watakalokuuliza, wajibu. Usibishane nao. Hawapendi kubishiwa."

Hiyo barua sikuomba niione. Kwa nini niombe? Kesho yake alasiri alikuja nyumbani kwangu mwenyewe, akanifukiza udi, akanifunga mtandio, akanipa ufunguo, akaniambia, "Umependeza, dada." Mikono yake ilikuwa baridi. Nikadhani anaogopa usaili wake wa kesho, masikini, nikampa moyo. Mimi ndiye niliyempa yeye moyo!

Nilipanda zile ngazi na ufunguo mkononi. Nyumba kimya. Nikafungua, na ukumbi ulikuwa tayari: taa inawaka, kanga imetundikwa kwenye msumari wake, TV iko wazi na wasaili wameshakaa wananingoja. Watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja katikati, mwenye ndevu fupi nyeupe na tai. Pembeni chini, kama kawaida, kile kijipicha changu mwenyewe, ili mtu ajione alivyo. Nikakaa, nikaamkia kwa Kiingereza, wakaniamkia.

Walianza na mwani. Waliuliza maswali mazuri, nami siku ile nilifunguka, nakwambia, maneno yalikuwa yakitoka kama niliyapanga jana. Na kadiri nilivyokuwa nikisema, kuna kitu kikawa kinanikera, sikijui. Mara nikakijua. Sauti haikuwa inachelewa. Nikisema, papo hapo wanaitikia kwa kichwa. Nikitabasamu, wametabasamu. Kama watu waliokaa upande wa pili wa meza.

Nikajiambia, mtandao mzuri leo. Si ndivyo nawe ungejiambia? Halafu nikaona dirisha lililokuwa nyuma ya yule mwanamume. Kwao ilikuwa iwe mchana, lakini dirisha lile lilikuwa jekundu, jua linazama, na wekundu wake ulikuwa sawa sawa na wa dirisha langu. Na kingine: saa ile misikiti ya Mji Mkongwe inapokezana adhana, huwezi hata kuihesabu. Sikusikia hata mmoja.

Yule wa katikati akafunga faili lake. Akaniambia kwa Kiswahili, Kiunguja cha mjini kisicho na doa, "Sasa tujuane vizuri. Unaitwa nani?"

Nikafurahi, nikacheka. Nikamtajia jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kama linavyoandikwa kwenye vyeti.

"Hayo ya vyeti tunayo," akasema. "Mama yako nani?"

Hapa nisimame kidogo, kwa wewe usiyekulia kwetu. Serikali inataka jina la baba. Skuli, benki, hospitali, wote wanataka la baba. Anayetaka la mama ni mganga. Ukienda kumfanyia mtu jambo, la kheri au la shari, unaulizwa jina lake na jina la mama yake, kwa sababu baba ni wa kuambiwa lakini mama ni wa hakika. Hilo kila mtoto wa Unguja analijua kabla hajajua kusoma. Bibi yangu akituambia, jina la mama si la kumtajia mtu usiyemjua, na magharibi usilitaje kabisa.

Nami nikalijua, na nikalitaja. Mwalimu wa baiolojia, shahada karibu mbili, nimekaa kwenye usaili wa kimataifa, nimwambie profesa kwamba bibi yangu kanikataza? Kazija kasema usibishane. Nikalitaja jina la mama yangu, lile alilopewa alipozaliwa, ambalo hata jirani zake hawalijui.

Wale wanawake wawili wakatazamana. Mwanamume akaniita kwa jina langu na la mama yangu, polepole, kama mtu anayesoma daftari la darasa.

"Naam," nikaitika. Ndivyo nilivyolelewa, ukiitwa uitike.

Akatabasamu. Akasema, "Tumeshapokea."

Sasa sikiliza. Kile kijipicha changu pale pembeni kiliinuka. Mimi nimekaa. Nakuapia kwa aliyeniumba, mimi nimekaa, mikono yangu iko juu ya meza, naiona. Picha yangu ikainuka, ikajitengeza mtandio, ikakizunguka kiti, ikatoka nje. Kikabaki kiti kitupu. Nikanyanyua mkono. Hakuna mkono. Nikasogeza kichwa kulia na kushoto. Kiti tu, na ukuta nyuma yake. Wale watatu walikuwa wanakitazama kile kiti kitupu kwa utulivu, mpaka pakawa giza.

Sijui nilifikaje mlangoni. Kwenye ngazi nikapambana na mtu anapanda.

"Nani huyo?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Vuai, mzima kama chuma. Nikamwamkia kwa mazoea tu, "Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu? Unafanya nini humo?"

"Nlikuwa kwenye usaili. Kazija kanambia unaumwa, uko Fumba."

"Naumwa nini mie? Na usaili gani? Mashine zote ziko kwa fundi tokea Jumatatu, TV na kamera na kila kitu. Nyinyi si mshaletewa barua? Usaili wenu kesho, kwenye ukumbi wa ile hoteli ya Malindi."

Nikamwambia hapana, njoo uone. Tukarudi, akasukuma mlango, akawasha taa. Ukutani palikuwa na misumari minne mitupu na alama ya vumbi pale ilipokuwa TV. Kanga iko kwenye msumari wake. Kiti changu kimesogezwa nyuma, kama nilivyokiacha. Nje ndiyo kwanza nikasikia adhana, na ilikuwa ya isha. Magharibi yote ilinipita humo ndani.

Tukishuka, Mzee Vuai aliniuliza nini kimetokea, nikamweleza. Nilipofika kwenye jina la mama akakaa kwenye ngazi.

"Ukawatajia?"

"Nliwatajia."

"Hawa wa kwenye kioo hawapokonyi, mwalimu," akasema. "Hupewa, na mwenyewe, kwa kinywa chake. Lakini hawaji wenyewe. Huwa kuna mtu aliyekwenda kuwaita. Nani kakupa ufunguo huo? Mie sijampa mtu ufunguo."

Unajua nilimjibu nini? Nikamwambia Kazija atakuwa kachanganya siku. Nikamtetea. Nikasema yule ni ndugu yangu, ziwa moja, hawezi. Mzee Vuai hakubishana nami. Alichukua ufunguo wake akautia mfukoni, akanisindikiza mpaka kituo cha daladala.

Ijumaa nikaenda Malindi, sikumwambia mtu neno. Nilisema zile ni ndoto, nilikuwa sijalala siku tatu, ubongo ukichoka huona vitu. Baiolojia tupu. Ukumbi wa hoteli ulikuwa mdogo, kompyuta moja na TV, fundi kijana wa hoteli, na Kazija amekaa nyuma na buibui lake, hanitazami. Nikaitwa mwanzo. Nikakaa. Wasaili walikuwa wengine kabisa, watu wa kawaida, mmoja anakula tunda. Nikawaamkia.

Moja, mbili. Wakaendelea kungoja.

"Tunaona kiti," mmoja akasema. "Mwombaji amefika?"

Nikasema nipo. Fundi akasema yupo. Wakamwona fundi, wakamsikia fundi. Mimi hapana. Akabadilisha waya, akabadilisha kamera, akaleta kompyuta yake mwenyewe. Akikaa yeye kwenye kile kiti, anaonekana mpaka chunusi. Nikikaa mimi, kiti kitupu. Nikapiga kelele, nikawasogelea, nikakaribia kulipiga busu lile jicho la kamera. Ile taa ya kipaza sauti inayocheza mtu akisema haikucheza. Fundi akaanza kunitazama vibaya, akarudi nyuma. Baada ya nusu saa wakasema, kwa adabu, kwamba wamesikitika, na wataandika mwombaji hakutokea. Hakutokea! Nami nimekaa mbele yao nalia.

Akaitwa Kazija.

Nilibaki pale ukutani. Kazija akakaa, kamera ikamtazama, na hakutoka jasho. Akafungua mdomo akasema, "Hebu tuanze mwanzo." Hilo ni neno langu. Wanafunzi wangu wananiigizia kwa hilo. Akasema kwa sauti yangu, kwa kicheko changu kinachopitia puani, huku mkono wa kushoto unapanda na kushuka kama wangu, na yeye hajawahi kusema kwa mkono. Akasema habari za mwani, za maji ya moto, za mama anayerudi na kamba tupu. Wasaili walicheka pale pale ambapo mimi ningewachekesha. Fundi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaomba ruhusa akatoka.

Jioni nikamfuata kwao Kikwajuni. Alikuwa barazani kwa ndani, anachambua mchele.

"Kazija, umefanya nini?"

"Nimefanya nini, dada?"

"Jana wameniuliza jina la mama."

Hakunyanyua uso. Alitoa chuya moja, akaiweka pembeni. "Na wewe ukawaambia," akasema.

Hakuniuliza. Alikuwa anajua. Pale ndipo kilipovunjika kitu ndani yangu ambacho mpaka leo hakijaungika. Nilitaka akatae. Ningemwamini, wallahi, kama angekataa.

"Umekwenda kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa mtu, shamba." Kijiji alinitajia, mimi sikitaji. Kisha akaanza kulia, na alilia kwa sauti yangu. "Tokea tunanyonya mie niko pembeni mwako, dada. Nikitaka kusema, ushasema wewe. Nikiwaza, wewe ndiye unayepigiwa makofi. Nani alikutuma unisemee? Nimeazima tu. Nikimaliza masomo nitakurejeshea."

"Utanirejeshea vipi?"

Hilo hata hakuwahi kuliuliza huko alikokwenda.

Nikaondoka. Ningemshtaki wapi, polisi? Ningesema kaiba nini? Na Mama sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba mtoto wake mmoja kamuuza mwenziwe kwa jina lake yeye? Baada ya miezi miwili Kazija alipanda ndege, na Mama ndiye aliyemwombea dua uwanjani, akamkumbatia, akampa chupa ya achari ya ndimu. Nilisimama pale nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa utaniuliza hali yangu. Uso wangu upo, unaweza kuja kuniona. Picha za kawaida natoka, kitambulisho ninacho. Simu ya kawaida nasikika vizuri, alhamdulillahi. Ni hivi vya kuonana tu, vya video. Humo mimi sipo. Tulipoanza kufundishwa walimu kwa mtandao, niliandikwa mtoro mara tatu mpaka mwalimu mkuu akanitolea barua, na mafunzo yale ndiyo yanayopandisha watu vyeo. Wenzangu wanadhani nafanya maringo. Nimesomewa, nimekunywa kombe, maji yaliyooshewa aya, nimekaa na watu wazuri wanaomjua Mungu. Usingizi umerudi. Kile kiti bado kitupu.

Mama akawa akizungumza na Kazija kwa video kila wiki, na mimi ndiye ninayemshikia simu. Siku moja, simu ikishakatwa, akanambia, "Mbona Kazija siku hizi anacheka kama wewe?" Nikamwambia, "Si tumenyonya pamoja, Mama." Akaridhika. Alifariki mwaka jana, bila ya kujua, na mwani wake haujapata dawa mpaka leo. Kazija anausomea. Nasikia anasoma vizuri.

Baada ya msiba ndipo alipoanza kunipigia mimi. Kila Alkhamisi, magharibi. Ananipigia ya video, nami nafungua. Yeye haoni ila ukuta wa chumba changu na kiti. Anasema, "Dada, upo? Najua upo. Nisamehe, dada. Nataka radhi zako, mie sina amani." Naombwa radhi kwa sauti yangu mwenyewe, fikiria. Mara ya kwanza nilimjibu. Nilisema rudi, tuzungumze, sijasema sitokusamehe. Nilisema mengi, nililia. Akangoja, hakusikia kitu, akajifuta macho, akakata.

Nikamhurumia, ndiyo. Wiki nyingi nilimhurumia, nikasema masikini, kile alichonichukulia ndicho kinachomzuia kunisikia. Mpaka Alkhamisi moja nikiwa nimeishika simu ile, ndipo nikaelewa. Namba yangu anayo. Simu ya kawaida nasikika, na yeye anajua, tulishawahi kupigiana hivyo siku za maradhi ya Mama. Hajanipigia simu ya kawaida hata mara moja tangu aanze kuniomba radhi. Anapiga ile ambayo anajua sitasikika. Anataka aombe, alie, aondoke na roho nyepesi, bila ya kuusikia mdomo wangu ukimjibu. Amenichukulia sauti ya kusemea mbele za watu, na sasa ananichukulia hata ya kukataa.

Basi wewe, unaponisikia, usichukue haya kama maneno ya kupitisha jioni. Barua zako zisome mwenyewe, hata kama anayekusomea mmenyonya ziwa moja. Ukikabidhiwa ufunguo wa ukumbi, muulize mwenye ukumbi. Ukikaa mbele ya kioo na jibu likakufikia kabla hujamaliza kuhesabu moja, usingoje swali la pili, inuka. Na jina la mama yako liache kinywani mwako, liwe lako, maana mimi la kwangu nililitoa mara moja tu, kwa adabu, kwa mtu aliyevaa tai.

Leo Alkhamisi. Simu itaita sasa hivi, nami nitaifungua, nitakaa kwenye kiti changu, nitamwambia jibu lake kama ninavyomwambia kila wiki. Akitaka kulisikia, anajua njia.